Taa za Kuonwa

Betri ilikufa mara mbili kabla ya Pasaka.
Mara ya pili nilisukuma pikipiki kilomita tatu,
mvua ikinipiga ubavuni, kondoo wakinitazama
kama watu wanaojua bei ya ujinga.
Taa mbili ndogo za mbele, rangi ya chungwa,
hazikuwa na adabu ya kuzimika.
Ukisahau ufunguo zinawaka,
zinailamba betri mpaka mfupa.

Basi nikaagiza kihisi kutoka Tórshavn,
kiduara cha bei ya samaki wawili,
jicho lisilo na kope:
kukiwa na nuru linazima, giza likiingia linawasha.
Nilitoboa kwa keekee chini ya kioo cha upepo,
nikalehemu nyaya mezani pa jikoni,
fyuzi hapa, rilei pale, waya mweusi kwenye fremu.
Baba akanusa moshi kutoka kitini.
"Umeunguza," akasema.
Miaka thelathini alikuwa fundi wa injini melini.
Sasa macho yake yana ukungu wa maziwa,
ila pua haijastaafu.

Kilifanya kazi, sitakinyima haki yake.
Kisiwa chetu kina milima mingi na barabara moja,
na mahandaki membamba yasiyo na taa hata moja.
Naingia. Moja, mbili,
tik,
kuta zinapata rangi ya chai.
Natoka, tik, zimezimika.
Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti:
hatimaye kitu kinachonielewa bila kuulizwa.

Jumatano ukungu ukashuka.
Ukungu wa kwetu si giza, ni weupe,
shuka lililoanikwa toka mlima hadi mlima,
na lile jicho la bei ya samaki wawili
likaona weupe, likasema: mchana.
Lori la Hanus lilipita karibu nami
hata nikasoma namba ya simu mlangoni.
Hakuniona.
Yeye alikuwa na taa.
Mimi nilikuwa na maoni ya kihisi.

Nyumbani nilimkuta Baba kasimama dirishani,
viazi vibichi sufuriani.
"Umepita wapi?"
"Njia ni moja, Baba."
"Sikukuona ukitoka."
Nikasema ni ukungu. Akatikisa kichwa.
"Jana pia. Juzi pia. Tangu uunguze zile nyaya."

Nikaduwaa, glavu moja bado mkononi.
Mdomo wa handaki la mwisho uko ng'ambo ya ghuba,
dirisha letu linautazama.
Baba haoni mlima, haoni barabara, mimi hanioni.
Anaona mwanga, basi.
Miaka miwili, saa kumi na robo,
vitone viwili vya chungwa vimetoka mwambani
vikateremka taratibu,
naye akabandika viazi.
Nami nimefunga kwa mikono yangu
kidude cha kunizima
palepale ninapoanza kuonekana.

Hilo hakulisema. Alisema,
"Na kile kiungo cha rilei kimelegea."

Usiku ule nikatoboa tena:
swichi, kushoto, chini ya kidole gumba.
Njia mbili kuelekea taa zilezile,
moja ya jicho, moja ya mkono.
Baba alinishikia tochi, akaielekeza ukutani.
Sikumwambia.
Nililehemu kwa mwanga uliorudi toka ukutani,
ukatosha.

Kuna taa za kuona, na kuna taa za kuonwa.
Za kwanza zaweza kuachiwa mashine.

Alhamisi nikatoka mlimani.
Rilei ikasema tik, kumekucha, pumzika.
Kidole gumba kikasema hapana.
Nikateremka nimewaka mchana kweupe,
mjinga wa kisiwa kizima,
na ng'ambo ya ghuba, katika nyumba
ya mtu asiye na haja na taa,
taa ya jikoni ikazimwa,
ikawashwa,
ikazimwa tena.

Viazi siku hiyo viliungua.
Hakuna aliyenusa.